Doa la mafuta kwenye kitambulisho cha Naim

Saa nne kasoro asubuhi, wanafunzi wa chuo kimoja mjini Kitale wamemzunguka Shamira Hawo, kila mmoja na sarafu zake mkononi. Sambusa ziko tayari, lakini Shamira hana haraka. Anachukua karatasi ya kufungia, anaigeuza mbele, anaigeuza nyuma. Hii ni ya mtihani wa hesabu, inapita. Inayofuata ina uso wa msichana, na namba ya kitambulisho chini yake. Shamira anaichana vipande vipande na kuvitia kwenye moto wa jiko.

“Mama Naim, si ufunge tu bana, darasa linaanza,” kijana mmoja analalamika.

“Huyu ni mtoto wa mtu,” anamjibu. “Ngoja aungue kwanza.”

Wenzake wanacheka. Shamira hacheki, na ukikaa naye kwa muda utajua kwa nini.

Ana miaka arobaini na minne, na kwa miaka kumi na mmoja ameuza sambusa hapa, hatua chache kutoka msikitini. Siku nzuri anarudi nyumbani na shilingi mia saba. Ni kwa hizo mia saba alimpeleka kifungua mimba wake, Naim, kusomea umeme katika chuo kimoja Bungoma.

Februari mwaka jana Naim alianguka kutoka kwenye ngazi ya karakana, mguu ukavunjika mara mbili. Alitiwa vyuma. Ili atolewe hospitalini, Shamira aliuza friji na kukopa katika chama chake cha akiba. Wakati huo wote chuo kilinyamaza.

Aliyegundua kwamba Naim alistahili fidia ni Sifuna, mwanafunzi mwenzake Naim, aliyesoma risiti ya karo hadi chini na kukuta neno bima. Kila muhula wazazi walikuwa wakilipia bima ya ajali, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuambiwa.

“Ati tunalipa kitu hatujui hata ni nini,” anasema Sifuna. “Naim angekuwa peke yake, hiyo pesa ingepotelea huko.”

Ilipotea hata hivyo. Naim alidai fidia, akapigwa danadana miezi mitatu, njoo kesho, njoo wiki ijayo. Kisha akapewa jibu ambalo bado linamchemsha mama yake damu: umeshalipwa. Shilingi elfu sitini zilikuwa zimetumwa kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake na kitambulisho chake, zikatolewa siku hiyo hiyo. Naim hakuwa na laini hiyo.

Kumbe mtu alipiga simu katika ofisi ya bima, huko huko Bungoma, akajiita Naim, akasema amebadilisha namba. Jina lililingana, kitambulisho kililingana, wakalipa. Hakuna aliyejisumbua kupiga namba ya zamani. Na nani alimwambia mwizi kwamba kuna fidia inakuja? Hilo halijajibiwa mpaka leo.

Mama na mwana walienda kwenye duka la simu Bungoma. Mhudumu aitwaye Jerono, mtu wa kwanza kuwahurumia katika safari yote hiyo, aliwageuzia kompyuta waone picha iliyotumiwa kusajili laini. Ilikuwa kopi ya kitambulisho cha Naim, nyeusi, imekatika juu, na doa la mafuta limemkaa shavuni.

Naim aliitambua. Ilikuwa kopi iliyoharibika kwenye saiba, duka la intaneti na kopi karibu na chuo. Alimwambia mhudumu aitupe, akalipia nyingine, akaenda zake.

“Mimi nilijua hiyo mafuta kabla nijue hiyo uso,” Shamira anasema, na sauti inapanda. “Saiba haitupi karatasi, inauza kwa kilo. Mimi pia hununua. Kuna mama mwenzangu alifungia mtu mandazi na uso wa mtoto wangu. Na mimi, miaka yote hii, nimefungia watu watoto wa nani?”

Tangu siku hiyo hafungi kabla ya kusoma. Wanafunzi nao anawasema bila kupepesa macho: kopi ikiharibika ondoka nayo, uliza ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako, soma risiti yako ujue kama una bima. “Mtoto anafunga simu na namba ya siri,” anafoka, “halafu kitambulisho anaacha kwa meza ya saiba kama ganda la ndizi.” Baadhi humletea kopi zao mbovu, wakazitia jikoni wenyewe huku wakingoja sambusa.

Lakini moto wa jiko hautoi vyuma mguuni. Zile elfu sitini ndizo zingelipia upasuaji wa pili. Bila huo Naim hawezi kupanda ngazi, na asiyepanda ngazi hafanyi mtihani wa umeme wa Novemba. Polisi wameandika taarifa. Ofisi ya bima inasema ilishalipa.

Shamira ameenda huko mara tano, na kila mara wanamdai kopi nyingine ya kitambulisho cha Naim. Mara ya tano alimuuliza karani, Muigai, zile nne ziko wapi. Muigai alimwonyesha katoni iliyofura chini ya meza, wazi, karibu na mlango.

“Na hiyo katoni ikijaa,” Shamira alimuuliza, “nani hununua?”

Muigai aliinama akaendelea kupiga mihuri.

Hasira za mkizi furaha ya mvuvi, na Shamira anajua kwamba siku atakayovunja kioo pale, wao ndio watakuwa wameonewa. Kwa hiyo hakuvunja kitu. Aliinama, akapekua katoni mbele ya wateja wote mpaka akapata kopi zake nne, akaenda nazo Kitale, akazichoma.

Jumatatu anarudi Bungoma.

“Safari hii siachi kopi,” anasema, akifunga sambusa mbili kwa ule mtihani wa hesabu. “Wakitaka uso wa mtoto wangu nitaenda na yeye mwenyewe, na huo mguu. Tutakaa hapo kwa mlango mpaka wamlipe yeye.”