Majani ya Kuezekea Nyumba ya Mgaza

Siku isiyonitoka kichwani, mwanangu, ni ya gulio la Korogwe, enzi za Mjerumani, wakati bado nina meno yote na maneno mengi kuliko meno. Tulikuwa vibarua wa reli. Siku ya gulio hatukubeba mataruma ya kulazia reli, basi tulikaa nyuma ya wauza tumbaku tukibishana, na ubishi wetu ulikuwa mmoja tu, mwaka mzima: Mgaza wa Kwedizinga alikuwa bingwa wa ngumi kweli, au alipewa sifa za bure?

Ninyi mnadhani ngumi zimekuja juzi. Wakubwa zetu walipigana pale pale gulioni, mikono mitupu, na aliyegusa goti chini ameshindwa. Mgaza aliwashinda wa Handeni na wa Korogwe mimi nikiwa bado mtoto. Nilimwona mara moja, nimebebwa begani na baba yangu. Alimpiga mtu ngumi moja, kisha akamdaka asianguke vibaya. Tangu siku ile nilikuwa upande wake.

Wenzangu walisema alichagua wanyonge. Bingwa wa Vugiri aliposhuka mlimani kumtafuta, Mgaza hakuonekana gulioni, wala hakupigana tena. Mimi mara nilisema aliitwa bomani, mara nilisema alifiwa. Nilikuwa natunga tu. Niliwahi kununiana wiki mbili na rafiki yangu Hoza kwa ajili ya mtu ambaye sijawahi hata kumsalimia.

Siku hiyo ninayokwambia, Hoza akachoka. "Si yuko hai huyo mzee? Nenda kamuulize mwenyewe."

Nikaenda kwa miguu, nikalala njiani, kesho yake mchana nikafika Kwedizinga. Nilimkuta peke yake, amekaa mlangoni, anahangaika na fundo la mfuko wa unga. Vidole vilikuwa vimevimba na kukunjika, fundo limemshinda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

Nikamtajia, nikamfungulia mfuko, nikasonga ugali tukala. Mkewe alikuwa amekwisha kufa, na watoto wao walikufa wadogo. Paa lilikuwa limeoza upande mmoja, ukiinua macho unaona mawingu. Alifurahi kuniona, mwanangu, alifurahi mpaka nikaona haya, maana nilijua nilichofuata. Nilipomuuliza habari ya yule wa Vugiri, naye akaniuliza kwanza.

"Nikikwambia nilimwogopa, utarudi tena hapa?"

"Nitarudi, babu. Nitakuja kukuezekea nyumba kabla ya masika."

"Basi nilimwogopa. Nilimwona kwa mbali, nikakatiza mashambani nikarudi nyumbani. Mkono huu ulikuwa umeanza kuniuma, lakini siusingizii. Niliogopa."

Nikarudi Korogwe nimenuna njia nzima. Nikamwambia Hoza kwamba Mgaza aliumwa mkono, na ubishi nikaushinda. Lakini Kwedizinga sikurudi. Nilijiambia msimamizi hatanipa ruhusa, na wala sikuiomba. Ukweli ni kwamba nilimwonea aibu yule mzee. Bingwa wangu alikuwa amepungua, nami sikutaka kumtazama tena.

Masika yakanyesha yakaisha. Siku moja ruhusa ikatoka bila kuombwa, nikaenda. Nikakuta upande mmoja wa nyumba umelala chini, na kando ya ukuta uliobaki kuna majani ya kuezekea, matita madogo madogo yaliyofungwa ovyo, yameshaoza. Mama jirani akaniambia mzee alishikwa na homa ya kifua katikati ya mvua, wakamzika.

"Hayo majani alikata mwenyewe," akasema yule mama. "Kila siku kidogo, kwa vidole vile vile. Tulitaka kumwezekea, akakataa. Akasema, acheni, nina kijana wangu Korogwe, anakuja."

Sikumwambia kuwa kijana ndiye mimi. Nilikaa chini pembeni ya yale matita mpaka jua likaanza kushuka, na hakuna mtu niliyetamani kumsimulia. Hata Hoza sikuwahi kumwambia.

Ukiniuliza leo kama Mgaza alidharauliwa, nitasema ndiyo, na aliyemdharau zaidi ni mimi niliyemsifu. Alijua akisema kweli anaweza kunipoteza, na alikuwa hana mwingine. Akasema. Mimi sijawahi kuwa na moyo wa namna hiyo, ndiyo maana habari hii nimekaa nayo miaka yote hii.

Kwa hiyo nakuambia wazi, mwanangu. Ukimpenda mtu kwa sifa zake, nenda kamsalimie angali anaitika. Ukimkuta ni mdogo kuliko ulivyomsimulia, usimkimbie, kaa ule naye. Na ukisema utarudi, rudi, hata kama umechelewa, hata kama unaona aibu, kwa sababu kuna mtu anakata majani kwa ajili ya neno lako.

Mungu akupe umri mrefu na nyumba isiyovuja. Na siku vidole vyako vitakaposhindwa na fundo, akuletee mlangoni mtu aliyesema atarudi, akarudi.