Mbegu Niliyoikausha kwa Moto

Mwanangu, hilo bati litue chini kwanza. Naona umelibandika juu ya mafiga, na maharage yako ya mbegu yamo kwenye ungo yakingoja. Nakumbuka siku nilipolibandika langu, hapahapa kambini Nakivale, na tangu hapo sijapatana na moto.

Nilikuwa mke mchanga, nimekimbia vita Kongo na mama mkwe wangu. Mume wangu hakufika, hayo tuyaache. Mama mkwe alivuka mpaka na vitu viwili: sufuria, na konzi ya mbegu aliyoifunga kwenye pembe ya kitenge. Azuki, ndivyo alivyofundishwa kuiita na bwana shamba wa kwao: maharage madogo mekundu, yenye mstari mweupe ubavuni. Aliyeyavuna mwisho ni mwanawe, yaani mume wangu. Hatukuwa na kitu kingine kilichopita mikononi mwake.

Tukazipanda nyuma ya hema letu la turubai. Azuki haiivi kwa pamoja: ganda hili limekauka, jirani yake bado kijani, na kavu likicheleweshwa hupasuka likamwaga punje. Yalipoanza kuiva, kifua kikambana mama mkwe, akapelekwa hospitali Mbarara. Aliniagiza akiwa tayari garini:

"Uchume kidogo kidogo, kila asubui. Uanike mu kivuli. Kwa moto hapana, mutoto wangu. Ile ni mbegu, haiko chakula."

Siku tatu nilitii. Ya nne nikachoka. Majirani walinicheka eti nadonoa kama kuku, mvua ilinyesha kila alasiri, na kijijini Rugaaga kulikuwa na harusi niliyoitamani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini ukiwa kijana unadhani guu lako ni la chuma. Nikang'oa yote asubuhi moja. Maganda yaliyoiva, pamoja na yale ya siku tatu, nikayatandaza juu ya bati, chini makaa. Mashina yenye maganda mabichi nikayatupa migombani. Kufikia mchana punje zilikuwa kavu, zinang'aa. Nikazitia kwenye kopo alilopewa mama mkwe kambini, nikaenda harusini, nikacheza.

Mama mkwe alirudi baada ya siku mbili, amekonda. Hata hajakaa, akauliza, "Mbegu iko?"

"Iko, mama. Imekauka vizuri."

Akalitikisa kopo, akazisikiliza zikigongana, akanisifu. Sifa ile ilinichoma. Nilitaka kusema. Mashina yalikuwa bado migombani. Tungeyatundika ndani, maganda makubwa yangekomaa polepole, tukapata hata punje ishirini. Nikajiambia nitasema kesho. Siku ya tatu mbuzi wa jirani wakayala, nami nimesimama pale na ufagio mkononi, natazama.

Mvua za kupandia zilipokuja alizipanda mwenyewe, zote, huku akikohoa. Akangoja siku saba, akangoja kumi. Hakuota hata mche mmoja. Akapiga magoti, akachimbua punje kwa kidole. Ilikuwa imevimba, imeoza. Akainusa, kisha akanitazama.

"Ulizipika," akasema. "Zile mutoto wangu alivuna, ulizipika."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Kila asubuhi alitoka kulitazama tuta lile tupu, na hakufika msimu wa pili.

Nimezitafuta, mwanangu. Nimezunguka soko la Kabingo, nimeingia maduka ya nafaka ya Mbarara, nikatia mkono gunia baada ya gunia. Muuzaji mmoja, mzee wa kofia na tasbihi, alinihurumia: "Mama, hiyo hapana iko hapa. Iko nambale tu. Kila mwaka unauliza, kila mwaka mimi nasema hapana." Nambale ni haya maharage makubwa tunayokula sote. Mwaka uliofuata nikaenda tena. Siku hizi siendi. Hazipo, na hata zikipatikana hazitakuwa zile.

Wazee husema mficha uchi hazai. Nilikuwa nadhani wanawasema wajawazito tu.

Basi shika haya. Mbegu ianike kivulini, na usiipande yote. Konzi moja ibaki nyumbani. Hilo ni la shamba, hata jirani angekwambia. Langu mimi ni hili: ukikosea, sema siku ileile, mashina yangali migombani. Pengine moto ule angenisamehe. Zile siku tatu za kunyamaza sijui nimwombe nani anisamehe, maana mwenyewe kalala makaburini pale ng'ambo ya njia, na mimi nazeeka.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake. Akupe mtu wa kumwambia kosa lako, na akufikishe kwake kabla ya mbuzi. Haya, zima moto. Kopo la mama mkwe liko pale juu, nimeliosha miaka yote hii, halijatiwa kitu. Lichukue, weka mbegu zako.