Hesabu za Jumamosi

Marceline aliielewa ile hesabu Jumamosi ya kwanza. Lakini Constantin alipoinua macho kutoka kwenye karatasi na kumuuliza kama ameielewa, alitikisa kichwa.

“Minye siyasikia bado, Papa Constantin. Tuanze tena.”

Constantin akaanza tena. Ndiye aliyeandika programu katika ofisi ya kompyuta ya kiwanda cha shaba, kule Shituru, mjini Likasi. Marceline alikuwa mpiga chapa wa ofisi hiyo hiyo, mjane asiye na mtoto, akiishi peke yake katika nyumba ya kambi ya wafanyakazi huko Panda. Alipoomba kufundishwa programu, Constantin alimwambia hahitaji hesabu kubwa: ajue kujumlisha, na ajue kupanga hatua bila kuruka hata moja.

“Weye unapikaka bukari kila siku. Maji ikichemka, unamwanga unga. Kama haiyachemka, unangojea. Ile njo programu.”

Marceline aliona mbali. Mambo ya hatua yangekwisha kwa mwezi mmoja. Hesabu hazina mwisho. “Unifundishe hesabu kwanza,” alisema. Basi kila Jumamosi mwanamume yule akawa anakuja kuketi mezani, akijaza migongo ya zile karatasi za mashine zenye matundu pembeni, na nyumba ikawa na sauti.

Jirani yake, Julie, hakudanganyika. “Mama Marceline, hesabu moja, miezi mitatu? Ile hesabu njo iko nguvu, ao weye hautaki iishe?”

“Enda ku nyumba yako, Julie.”

Kisha, mwaka wa 1992, watu wenye asili ya jimbo la Kasai wakaambiwa warudi kwao. Constantin alizaliwa Likasi; baba yake hakuzaliwa hapo. Vijana waliing'oa milango ya nyumba yake mchana, majirani wakitazama. Akahamia kituo cha treni pamoja na mama yake, katikati ya umati uliolala juu ya magodoro ukingojea mabehewa. Ofisini, mkuu alimwambia Marceline kwamba programu sasa ni zake, kama ataziweza.

Alikwenda kituoni na chakula. Constantin alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa.

“Ulishasikia ile hesabu?”

Jibu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni. Akilitoa, Constantin angeokota kipande cha makaa na kuanza tena pale pale sakafuni, naye angepata saa nyingine moja. Akamtazama usoni. Kati ya vyote alivyoacha Constantin, somo hili ndilo alilokuwa bado analihangaikia.

“Nilishasikia.”

“Yote?”

“Yote. Kichwa yangu njo ilikuwa nguvu.”

Constantin akacheka, akamgeukia mama yake na kumwambia kwa Kiluba cha Kasai kwamba mwanafunzi wake amemaliza. “Sasa naweza kuenda,” alisema.

Treni iliwachukua Alhamisi, Marceline akiwa kazini. Kazi haikumshinda. Ilitaka kujumlisha na kupanga hatua, basi. Mashine haikumdai hesabu nyingine hata moja. Jumamosi Julie alipita mlangoni, akachungulia ndani, akaenda zake bila mzaha.