Kamera ya Kupishwa

Juzi tulipanga foleni katika duka moja hapa Nakuru, tukinung'unika, kwa sababu mpiga video mmoja alikuwa akichagua kamera tangu asubuhi. Mwenye duka, mzee wa Kihindi, alimsukumia ndogo ya mkononi.

"Chukua hii, boss. Bei chini, picha safi."

"Hiyo hapana, mzee. Watu wakiona ndogo hawanipishi."

Akainua kubwa ya begani, ya mitumba, akamlenga mwenye duka. Mzee akanyoosha kola, akatabasamu kama bwana harusi.

"Usicheke, mzee. Tangu hizi fujo zianze, napiga mazishi tu. Wenye walikimbia makwao hawawezi kurudi kuzika, wanaitisha kaseti."

Mzee akairudisha ile ndogo rafuni; mpiga video akalipa, akageuka kutoka na kubwa begani. Nasi kwenye foleni, bila kuambiwa, tukampisha.