Dereva wa Tramu na Supu ya Mkewe

Saa kumi na moja asubuhi, kabla hajavaa sare, Kiyotaka Ochi amekaa jikoni kwake Matsuyama anachambua dagaa wakavu. Mmoja mmoja. Kichwa huku, utumbo kule, jicho kwenye saa, maana tramu ya kwanza ya leo ni yake.

Dagaa wa supu ya watu wawili wanamchukua dakika kumi na tano. “Kuendesha tramu ni rahisi,” anasema. “Ile ina reli.”

Ana miaka sitini na miwili, na hadi Februari hakuwa amewahi kupika hata yai. Ndipo mkewe, Sumie, akapata kiharusi, mkono wa kulia ukagoma. Alitoka hospitali amepungua kilo saba. Daktari hakuzunguka mbuyu: asipoongezeka uzito kufikia mwisho wa Mei, anarudi wodini.

Ochi akanunua kitabu cha mapishi. Akapika supu ya miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa, kama kilivyoelekeza, kwa samaki mkavu wa kukwangua na miso nyekundu, ila yeye aliiacha itokote kama maharage. Sumie akaonja, akatua bakuli.

“Umeagiza hotelini?”

Wiki tatu nzima bakuli lilirudi jikoni limejaa, na Ochi akaanza kuogopa kweli.

Kwa nini mama huyu hakusema anachotaka? Sumie anajibu bila haya: “Hakuuliza. Miaka thelathini na sita anakunywa supu yangu, hajawahi kuuliza mna nini. Nikasema, ngoja tuone.”

Asubuhi moja Ochi alipiga magoti kando ya kitanda. “Mama Haruka, nimeshindwa. Yako ulikuwa unaipikaje?”

Sumie alicheka mpaka akatokwa machozi, kisha akamfundisha. Dagaa, wachambuliwe, la sivyo supu inakuwa chungu. Miso ya shayiri, ile tamu ya kwao. Na moto uzimwe kwanza ndipo miso iingie, kwani ikichemka harufu yote inaondoka na mvuke.

Kilo tatu zimesharudi, na Mei imebakiza siku kumi na mbili. Ochi anataka sasa ajifunze samaki wa kuchemsha kwa mchuzi wa soya.

“Natamani tu siku moja ale bila kunikosoa,” ananong’ona.

“Siku nikinyamaza, ita gari la wagonjwa!” Sumie anadakia kutoka sebuleni, bakuli tupu mkononi. “Na leo umeacha utumbo wa dagaa mmoja, nimeuonja. Haya, Baba Haruka, ongeza.”