Mektrida wa Kisiwani na Jani la Sale

Alizaliwa Machi 1981 huko Kibosho, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba yake, mzee Martin, akabatizwa Mektrida kwa jina la bibi yake. Tangu utoto alikuwa na hasira, na wapo watakaopenda nilifiche hilo. Sifichi. Mwalimu akimchapa mtoto kwa kosa lisilo lake, Mektrida alisimama katikati ya darasa akakataa kukaa. Mama yake, Monica, alimpeleka kwa padre aombewe apunguze ukali. Padre akaomba, ukali ukabaki pale pale, nami namshukuru Mungu kwamba sala ile haikujibiwa.

Mdogo wake, Tito, alikuwa mpagazi mlimani. Februari 2008 alibeba meza na viti vya wageni kupita kwenye mwamba ambao wapagazi wanauita Kisiwani, kwa kuwa mawingu yakipanda kutoka mabondeni, mwamba hubaki juu peke yake, umezungukwa pande zote. Hapo kichwa kikamuuma, akatapika, miguu ikagoma. Mwenye kampuni, Primus wa Pasua, siku hizo akiongoza misafara mwenyewe, akaamuru mzigo ugawiwe wenzake ili wageni wasichelewe kula. Wakamuuliza, na Tito je? Akasema, "Atafuata tu." Ikanyesha mvua ya barafu. Meza ilifika kambini ikatandikwa kitambaa. Tito aliteremshwa kesho yake akiwa maiti, na mpaka leo nikiandika habari hii ghadhabu haijanitoka.

Sasa, sisi Wachagga tuna jani la sale, la kuombea msamaha. Mkosaji akikuletea, hukatai. Unalipokea na neno linaisha. Ni desturi njema, imezuia damu nyingi. Lakini Primus alikuja nalo msibani, shati limepigwa pasi, bila kusema alichofanya, bila hata kutaja jina la marehemu. Mzee Martin akalipokea, na watu wakashusha pumzi. Mektrida akasimama, hata shikamoo hakumpa. "Baba amepokea kwa upande wake," alisema. "Mimi ukitaka nipokee, lilete Kisiwani, pale ulipomwacha." Wazee wakamtoa nje. Yaani dada anatolewa kwenye msiba wa mdogo wake, na aliyemwacha mdogo wake afe anapewa kiti.

Wiki iliyofuata akapanda peke yake, kwa njia za msituni, akiwa na hema la mtumba, mablanketi mawili na chupa ya mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama. Akapiga hema juu ya mwamba ule na kulizungushia mawe lisibebwe na upepo. Maji alichota kwenye ufa wa jiwe. Kwa miaka kumi na tatu aliishi hivyo, wiki mbili juu, wiki moja nyumbani akilima kahawa, na kazi yake ilikuwa moja tu: kila msafara ukipita, alihesabu watu, akauliza walianza wangapi, kisha akashuka kumtafuta aliyepungua. Askari wa hifadhi walimteremsha mara nne kwa kukosa kibali. Akawekwa rumande, akatoka, akapanda tena. Kwaya aliyokuwa akiimba ikamfuta, eti mwanamke gani analala mawe­ni kama pimbi. Watu hao hao walijaza kanisa kila Jumapili. Yeye alikaa benchi la nyuma, na sala yake, kama alivyomwambia paroko, ilikuwa fupi: "Bwana, usiniache nizoee."

Denis wa Rau, aliyeokotwa mwaka 2014 akiwa hajitambui, anaapa kwamba ile chupa ya mtori iliwanywesha watu kumi na mmoja na ikabaki ya moto. Mimi nimeishika. Ni chupa ya kawaida, kifuniko kimepasuka.

Juni 2021 Primus, mzee sasa na mwenye kukosa usingizi, alipanda na vijana wawili waongoza misafara, jani la sale mfukoni. Ukungu ukashuka, kifua kikambana, na vijana wale wakamwambia watarudi na msaada. Wakaondoka. Mektrida ndiye aliyemkuta. Primus akanyoosha jani. "Bado hujafika," alimjibu, akambeba mgongoni mpaka Kisiwani, akamlaza hemani, akamfunika mablanketi yote mawili. Primus akanyoosha tena. "Sema kwanza ulichofanya." Akasema yote, meza, viti na jina la Tito, na Mektrida akalia kwa hasira. Kisha akatamka maneno ambayo Kibosho nzima inayajua: "Sijakusamehe, Primus. Lakini sikuachi." Akakaa mlangoni mwa hema, mgongo wake ukiziba upepo uliokuwa umeanza kuleta barafu.

Waokoaji walimkuta Primus mzima, na Mektrida amekufa pale pale alipokaa, jani la sale kiganjani. Basi furaha gani hiyo iliyoenea: amelipokea, amesamehe, mambo yameisha vizuri. Wale waliomtoa msibani walikuwa wa kwanza kuimba. Siku ya maziko Primus akasimama kando ya kaburi akawanyamazisha. "Hakulipokea," alisema. "Nililitia mimi mkononi mwake, alipokuwa ameshakufa."

Tangu hapo, mpagazi akiugua karibu na Kisiwani, meza ya wageni huwekwa chini na wawili hukaa naye. Primus naye hupanda na misafara yake kadiri pumzi inavyomruhusu, akitembea wa mwisho. Anayetaka kumwiga Mektrida asisubiri moyo wake utulie kwanza; wa kwake haukutulia. Ahesabu watu wake leo kabla ya kula, na akikuta mmoja pungufu, arudi alikotoka.