Gelasius na Taa ya Gesi

Miaka yote aliyokaa Toronto, Gelasius hakuwahi kuandika kwenye wasifu wake kwamba anajua kutengeneza karabai, zile taa za mafuta za kupampu. Nani angehitaji? Aliandika mabomba, rangi na useremala, na kwa kazi hizo akaajiriwa kuwa fundi wa jumba dogo la makumbusho, si mbali na St. James Town alikoishi na mkewe Genoveva.

Uani mwa jumba hilo ilisimama taa ya gesi ya barabarani, ya enzi za kale, ambayo haikuwa imewaka kwa karibu miaka mia. Mwaka 2008 mkuu wa makumbusho, Sabine, aliamua iwashwe tena. Mafundi wa gesi walioitwa wakaiunganisha vizuri. Kilichowashinda ni utambi, kijifuko cha kitambaa laini kinachofungwa pale gesi inapotokea. Kila walipokigusagusa baada ya kukiwasha, kilisagika kikawa unga. Waliagiza sita. Siku ya sherehe, saa kumi na nusu jioni, Novemba, kilibaki kimoja.

Gelasius, aliyekuwa akipanga viti, alikiona mkononi mwa Sabine, akaacha viti.

"Hiki nakijua," alisema. "Kwetu Kemondo mjomba wangu alikuwa na kibanda cha karabai. Nimevifunga hivi tangu niko darasa la nne."

Sabine alimtazama, akawatazama wageni wanaoingia, akampa.

Gelasius akapanda ngazi. Akakifunga, akanyoosha mikunjo kwa ncha ya kidole, kisha akakitia kiberiti kabla hata ya kufungua gesi. Kikaungua chote, kikabaki ganda jeupe.

"Umekichoma!" Sabine alipiga kelele.

"Ndivyo kinavyotakiwa. Sasa asikiguse mtu."

Akafungua gesi taratibu, akasogeza njiti. Pu! Mwanga ukatetemeka, ukatulia, ukamwagikia theluji na nyuso za watu.

Gelasius mwenyewe alisahau kushuka. Alikwisha kuwasha karabai zisizo na idadi, lakini hakujua kwamba mji huu wa maghorofa uliwahi kuwashwa namna hii, na mtu mmoja, nguzo baada ya nguzo, jioni baada ya jioni.

Bibi Winfred, mgeni mwenye miaka mia na miwili, aliomba kiti chake cha magurudumu kisogezwe chini ya taa.

"Mwasha taa alikuwa akipita mtaani kwetu na fimbo begani," alisema kwa sauti nyembamba. "Nilikuwa na miaka mitano. Nilidhani ndiye anayeleta usiku. Nilimwogopa mno, mpaka siku aliponisalimia kwa jina."

Akamnyooshea Gelasius mkono.

"Shikamoo, bibi," Gelasius alijikuta akisema. Bibi hakuelewa neno, ila hakumwachia mkono.

Kuanzia hapo mpaka alipostaafu mwaka 2016, kila Jumamosi jioni kuwasha taa ilikuwa kazi yake. Walimletea kiwashio cha betri, akakataa. Alipofika juu ya ngazi alivua kofia kama anayemsalimia mtu, hata kwenye baridi ya kukata masikio, akafungua gesi, akasikiliza kidogo inavyopumua.